Meneja Mzuri Ni Yupi? Nilichojifunza kwenye Kikoba cha Mbagala



Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni. Amepata kazi kwenye kampuni inayotengeneza programu za simu, na cheo chake ni meneja wa bidhaa. Akaniuliza: "Kaka, wewe kazi hii umeifanya miaka sita. Hebu niambie, ni nini kinachomtofautisha anayeiweza na asiyeiweza?"

Daladala yangu ilikuwa imeshafika, kwa hiyo nikamjibu haraka haraka: "Sikiliza wateja, basi." Nikadandia.

Jibu lile limenisumbua wiki nzima. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Mimi mwenyewe niliwasikiliza wateja vizuri sana, na bado nikamuumiza mtu. Kwa hiyo leo naandika jibu ambalo ningempa kama daladala ingechelewa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Nilipomwambia mama yangu kwamba nimekuwa meneja wa bidhaa, alidhani nimepewa ghala la mchele Kariakoo. Kwa hiyo tuelewane kwanza.

Programu ya simu haitengenezwi na mtu mmoja. Wapo wanaoiandika, wapo wanaochora itakavyoonekana, wapo wanaoiuza, wapo wanaopokea simu za wateja wenye hasira, na juu yao yupo bosi anayetaka faida. Meneja wa bidhaa anakaa katikati ya hao wote. Anasaidia kuamua kitu gani kitengenezwe, kipi kianze, kipi kisubiri, na kipi kiachwe kabisa. Ajabu ni kwamba karibu hana mamlaka juu ya yeyote. Hawezi kumfukuza mtu wala kumpunguzia mshahara. Alichonacho ni neno lake tu. Neno hilo likishachakaa, hana kitu.

Ukitazama vizuri utaona kwamba hata mwenyekiti wa jumuiya yako, katekista na mwalimu wa kwaya wako hivyohivyo. Ndiyo maana naona swali la yule kijana linatuhusu wengi, hata kama hujawahi kuingia kwenye ofisi ya namna hiyo.

Anayeuliza na anayejua tayari

Historia ya M-Pesa ni shule nzuri hapa. Jaribio lake lilianza Kenya mwaka 2005. Wazo lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie ndiye aliyekwenda Kenya kulisimamia. Mwanzoni lilikuwa wazo dogo tu: wateja wa taasisi ya mikopo midogo waweze kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Lakini watu waliopewa huduma ile wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe. Wakawa wanatumiana pesa, mtu na ndugu yake, mtu na rafiki yake.

Wasimamizi wangeweza kusema, "Hawa hawajaelewa, tuwafundishe upya." Badala yake walitazama, wakajifunza, wakageuza mpango wao. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom, na leo hata sadaka ya jumuiya tunatuma kwa simu.

Meneja dhaifu anajulikana kwa sentensi moja: "Wateja hawajaelewa." Ukijisikia unaisema mara ya tatu kwa wiki, simama ujiulize.

Bwana wetu mwenyewe alipomkuta Bartimayo njiani, kila mtu aliona kwamba yule ni kipofu. Haja yake ilikuwa wazi. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Hakumfanya kuwa tatizo la kutatuliwa. Alimpa nafasi ya kusema mwenyewe. Kama yeye ajuaye yote aliuliza, mimi na wewe tunajua nini mpaka tusiulize?

Saa mbili kwenye kiti cha plastiki

Mimi nilianza kama meneja wa "hawajaelewa". Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilitengeneza programu ya kutunza hesabu za vikoba. Nilisimamia kwa miezi minne utengenezaji wa ukurasa wenye michoro ya rangi, ambapo kila mwanachama angeona akiba yake ikipanda kuelekea lengo lake. Ulikuwa mzuri, niliupenda mno. Tukauzindua. Karibu hakuna aliyeufungua.

Mwishowe nikapanda gari mpaka Mbagala, nikaomba kukaa kwenye mkutano wa kikoba kimoja cha akina mama. Walinipa kiti cha plastiki chini ya mwembe. Nilikaa saa mbili bila kusema chochote, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo si kazi ndogo.

Palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake walishika akina mama watatu tofauti. Kila aliyeweka hisa, pesa yake ilihesabiwa kwa sauti na wote wakaitikia. Katibu aliandika kwenye kaunta buku, kisha akaandika tena yaleyale kwenye simu.

Nikamuuliza, "Mama, mbona unaandika mara mbili?"

"Mwanangu," akasema, "kwenye simu naona peke yangu. Hapa wanasikia wote."

Nilinyamaza. Mfumo wa vikundi vya namna ile ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliofanya kazi na shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Sanduku, kufuli tatu, kuhesabu kwa sauti: vyote vimewekwa ili watu wasio na benki waweze kuaminiana. Wale mama hawakuhitaji michoro yangu ya rangi. Walihitaji mashahidi.

Tukaufuta ukurasa wangu wa miezi minne, na nakiri iliniuma. Tukaweka kitu rahisi: mtu akiweka hisa, wanachama wote wanapata ujumbe mfupi. Ndani ya wiki chache vikundi vingi vilianza kuitumia programu. Nikapongezwa sana.

Na hapo ndipo nilipochemka vibaya kuliko mwanzo.

Kiti kilichobaki wazi

Bosi aliona jinsi ujumbe ule ulivyofanya kazi, akasema: "Kama mtu akiweka pesa wote wanajua, basi akichelewesha rejesho wote wajue pia." Sikubisha. Niliona hata ina mantiki, si ndiyo uwazi wenyewe? Tukaweka. Mtu akichelewa siku tatu, wanachama wote wa kikundi walitumiwa ujumbe wenye jina lake na deni lake.

Marejesho yalipanda mwezi uleule. Kwenye kikao cha wakubwa nilionyesha chati, wakapiga makofi. Kwa kipimo chochote cha ofisini, nilikuwa meneja hodari.

Mwezi wa pili nikarudi Mbagala. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye mara ya kwanza alinichekesha sana, hakuwepo. Nikamuuliza katibu. Akaniambia mtoto wa yule mama alilazwa siku tisa, na rejesho likapita tarehe. Yule mama akiwa wodini, ujumbe ukaenda kwa wote, akiwemo wifi yake na mama mwenye nyumba anayopanga. Tangu siku ile hakukanyaga tena kikobani.

Kisha katibu akasema neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulijua mtoto anaumwa. Tulikuwa tumeshakubaliana kumchangia kutoka mfuko wa jamii. Ila simu yako haikujua."

Wapendwa, simu haina kosa. Simu hutuma inachoambiwa. Aliyepaswa kujua ni mimi.

Hodari kama mwizi

Kanisa linatufundisha fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwenye Summa yake, anaeleza kwamba busara ina matendo matatu. Kwanza kutafuta shauri, yaani kuuliza na kuchunguza. Pili kuhukumu, yaani kupambanua kipi kati ya hivyo ulivyovikuta ni chema. Tatu kuamuru, yaani kuhakikisha kile chema kinatendeka. Na anasema hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kujua jema bila kulitenda si busara bado.

Nimezunguka ofisi kadhaa, na ninaona mameneja wengi wasioweza kazi wanakwama kwenye mojawapo ya hatua hizo. Yupo asiyetafuta shauri: anakaa ofisini na wazo lake, kama mimi na michoro yangu. Yupo anayesikiliza kila mtu lakini hahukumu: ana orodha ya maombi mia mbili, kila anayelalamika anaahidiwa, na mwisho wa mwaka programu imekuwa kama daladala iliyojaza mpaka mlangoni. Yupo anayejua kabisa lipi ni sahihi lakini anaogopa kulisema kikaoni, analisemea kwenye korido.

Lakini Thomas anasema jambo lingine ambalo ndilo lililonichoma. Anasema ipo busara ya uongo. Mwizi naye anaweza kuitwa mwenye busara, kwa sababu anajua kuchagua njia zinazofaa kufikia lengo lake. Anachunguza, anapanga, anatekeleza. Kasoro moja tu: lengo lenyewe ni baya.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nilikuwa meneja hodari siku ile ya makofi, jibu ni ndiyo, hodari kama mwizi. Nilisikiliza vizuri. Nilitekeleza vizuri. Ile hatua ya katikati, ya kuhukumu, niliiachia chati. Chati iliniambia wangapi wamelipa, haikuniambia wamelipa kwa uaminifu au kwa hofu. Namba zote mbili zinafanana.

Na si kwetu tu. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za watoa mikopo ya kidijitali, na kati ya yanayokatazwa ni kutumia namba zilizo kwenye simu ya mkopaji kuwasumbua watu wake. Ni kanuni njema. Lakini sheria mara nyingi hufika watu wakiwa wameshalia. Meneja mwema anatakiwa kufika kabla yake.

Sauli na Daudi

Sasa niwaambie sehemu ninayoionea aibu zaidi. Niliporudi kutoka Mbagala sikufanya kitu. Nilinyamaza wiki tatu. Kikaoni mmoja wa wakubwa aliuliza kwa nini kuna wanachama wanaojitoa, nami nikajibu, "Hilo timu iliamua, tunaliangalia."

Timu iliamua! Waandishi wa programu walikuwa wamekaa palepale, na mmoja wao alikuwa ameniuliza kabla kama tuna uhakika. Alinitazama tu. Siku ile neno langu lilichakaa.

Mnawakumbuka wafalme wawili, Sauli na Daudi. Wote walikosa, na kosa la Daudi, ukilipima kibinadamu, linatisha zaidi. Samweli alipomkabili Sauli kuhusu kondoo na ng'ombe waliobakizwa, Sauli alisema ni watu ndio waliowabakiza (1 Sam 15). Nathani alipomkabili Daudi, Daudi alikiri kwamba ametenda dhambi, bila kumtaja mwingine (2 Sam 12). Naamini hapa ndipo mameneja wanapotengana kuliko mahali pengine popote. Kazi ikienda vizuri, mzuri anasema "timu", na ikiharibika anasema "mimi". Dhaifu anafanya kinyume, na watu wanaona. Baada ya hapo hawamletei tena habari mbaya, na meneja asiyeletewa habari mbaya ni kipofu, hata angekuwa na chati kumi.

Nilikwenda kuungama. Padre aliniuliza swali moja tu: "Umemwendea huyo mama?"

Ninyi wawili peke yenu

Kabla ya kumwendea nilisoma tena Mathayo 18:15-17, nikashangaa. Pale Yesu anafundisha namna ya kushughulika na ndugu aliyekosa: kwanza nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asiposikia hata hao, ndipo kanisa liambiwe. Sisi tulikuwa tumeanzia mwisho. Hatukuuliza hata kama kuna kosa, maana mama kukaa wodini na mwanawe si kosa.

Nikapeleka pendekezo kwa bosi. Mtu akichelewa, ujumbe uende kwake peke yake, na umuulize kama amepatwa na dharura. Akijibu ndiyo, mwekahazina apate taarifa ili kikundi kifikirie mfuko wa jamii. Asipojibu, mwenyekiti amfuate. Yakishindikana yote, waongee kwenye mkutano wao, uso kwa uso, bila simu yetu.

Bosi akaniambia, "Marejesho yakishuka, wewe ndiye utakayesimama mbele ya wakubwa."

"Sawa bosi, nitasimama."

Kweli yalishuka, na kweli nilisimama. Mwaka ule palikuwa na mazungumzo ya kunipandisha cheo. Hayakuzungumzwa tena. Sisemi hivi ili mnipongeze. Wiki tatu za kunyamaza hazifutiki kwa siku moja ya kusimama.

Yule mama nilimkuta kwenye kibanda chake. Nilimwambia, "Mama, ule ujumbe ni mimi niliyeruhusu uende. Naomba unisamehe." Alinitazama muda mrefu, akanipa kipande cha muhogo, akasema amesamehe na mtoto amepona. Nilimwomba arudi kikobani. Akasema, "Baba, hapana." Mpaka leo hajarudi. Msamaha nimepewa, lakini kiti chake bado kiko wazi.

"Kaka, kazi ni kazi"

Najua kuna atakayesema: "Kaka, huo wema peleka kanisani. Ofisini tunapimwa kwa matokeo." Simpuuzi, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Ule ukurasa wangu wa michoro ulitokana na nia njema kabisa, na ulikula mishahara ya miezi minne ya watu wenye watoto wa kusomesha. Nia njema isiyojua kazi inaumiza pia. Mkristo mvivu wa kujifunza kazi yake asijifiche nyuma ya rozari. Umahiri ni deni tunalodaiwa na jirani.

Ila nusu nyingine ni hii. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya kazi. Matokeo ni lazima yapimwe, lakini swali la kwanza ni: matokeo kwa nani? Kama namba inapanda na mama mmoja anashindwa kukaa kwenye kiti chake, hiyo namba haijamaliza kuhesabiwa.

Mitume nao walikutana na jambo hili. Wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea (Mdo 6:1-7). Mitume hawakukana lalamiko. Hawakujitwisha kila kitu wenyewe pia. Walikataa kuacha Neno ili wahudumie meza. Waliita jumuiya nzima, wakaomba wachaguliwe saba wenye sifa njema. Ukisoma majina ya wale saba utakuta yote ni ya Kigiriki. Inaelekea kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uleule uliokuwa unasahaulika. Shauri, hukumu, amri: vyote vitatu ndani ya mistari saba.

Kwako kijana wa Jumapili

Mdogo wangu, jibu langu la daladala lilikuwa pungufu. Solomoni alipopewa nafasi ya kuomba chochote, aliomba moyo wa kusikia ili awaamue watu na kupambanua mema na mabaya (1 Fal 3:9). Aliomba vyote viwili pamoja. Mimi nilikupa nusu ya sala yake.

Kila jioni kabla hujafunga kompyuta yako, jiulize haya matatu:

Leo nimemsikiliza nani, na nani sijamsikiliza kwa sababu hana sauti kikaoni?

Namba ninayoifurahia leo, nani ameilipia?

Kuna neno la kweli ninalolijua ambalo nimelisemea kwenye korido tu?

Kisha tuombe pamoja: Ee Bwana, umetukabidhi kazi zinazogusa watu tusiowaona. Tupe moyo wa kusikia, akili ya kupambanua, na ujasiri wa kutenda. Tunapokosa, utujalie kusema "ni mimi" mapema. Na wale waliokaa mbali kwa sababu yetu, uwatafute wewe mwenyewe, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, utuombee.